Njaa ya Mama Mdogo

Kwa muda wa miezi kama saba niliipenda rangi ya bluu kuliko nilivyompenda mama mdogo. Ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu yeye mwenyewe anajua.

Kila asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote, nilikuwa nachukua matone manane ya mkojo wake na kuyatia katika kichupa chembamba cha kioo chenye maji ya bluu tuliyopewa hospitali. Nilikuwa nakipasha moto juu ya taa ya spiriti mpaka kichemke, halafu nasubiri. Maji yakibaki bluu, hakuna sukari inayotoka. Yakigeuka kijani, iko kidogo. Yakifika manjano, halafu rangi ya tofali, ni mbaya. Nilikuwa na daftari ambalo nilikuwa nimelipiga mistari kwa rula, na kila siku niliandika rangi katika kisanduku chake. Nikikosea herufi moja, sikufuta. Nilichana ukurasa na kunakili upya wiki nzima.

Mama mdogo ni ndugu mdogo wa mama yangu. Mama alifariki nikiwa na miaka sita, huko ziwani, upande wa Mahagi, na huyu ndiye aliyenifuata na kunileta Bunia, katika mtaa wa Ngezi, alikokuwa anaishi kwa kuuza samaki wa chumvi. Hakuzaa. Hakuna siku aliyoniambia kwamba mimi si mtoto wake, hata siku nilizostahili kuambiwa.

Ugonjwa ulimwanza mwishoni mwa miaka ya sabini. Alikunywa maji kama mtu aliyetoka kulima kwenye jua kali, akaenda chooni, akarudi, akanywa tena. Kikwembe chake, kitenge cha kujifunga kiunoni, kilichokuwa kinamzunguka mara moja na nusu kikaanza kumzunguka mara mbili. Majirani walisema kuna mtu anayeonea wivu meza yake ya samaki. Wengine walimletea mizizi. Mimi nilikuwa darasa la nne la sekondari, na nililala nikihesabu pumzi zake kupitia ukuta. Alipoanguka njiani akitoka misa, akina mama wa parokia walimbeba mpaka hospitali, na huko muuguzi mmoja alinusa pumzi yake na kusema jina la ugonjwa kabla hata ya kumpima.

Walimpa insulini. Macho yake yalikuwa yameshaharibika kidogo, hakuweza kusoma mistari midogo ya bomba la sindano, kwa hiyo kazi ya kumdunga ikawa yangu. Muuguzi alinifundisha kwa chungwa. Nilidunga chungwa hilo mpaka likavuja maji yote, na nikaomba lingine. Alicheka sana. Alikuwa mama mnene wa Mambasa, mwenye sauti ya kusikika wodi mbili, na tangu siku ile aliniita docta bila diplome. Mimi sikucheka. Niliacha shule, kwani meza ya samaki ilihitaji mikono miwili zaidi, na nikaamua moyoni kwamba kama siwezi kuwa mwanafunzi bora, nitakuwa mdungaji asiyekosea.

Na kwa kweli mambo yalikwenda vizuri. Chupa ya dawa tuliiweka katika mtungi wa udongo, ndani ya mchanga niliokuwa naumwagia maji asubuhi na jioni ili ukae baridi. Bomba nililichemsha. Mama mdogo akarudi kuwa mtu. Mashavu yalijaa, mikono ikajaa, akaanza tena kuwatania wanunuzi wake. Watu wa Ngezi walikuja nyumbani kumpongeza kwa unene huo kama watu wanaokuja kuona mtoto mchanga, na kila mmoja alinishukuru mimi. Sifa hizo niliziweka ndani na kuzila polepole, siku nyingi.

Halafu siku moja, kwenye mizani ya hospitali, muuguzi alisema: "Mama, sasa inatosha. Unene uende polepole kidogo."

Aliposema kidogo, mimi nilisikia kabisa. Ndivyo nilivyo. Mtu akiniambia sufuria ina doa, nitaisugua mpaka nitoboe chini.

Lazima nieleze sasa habari ya karatasi, kwani kosa langu lilitoka humo.

Samaki wa chumvi hufungwa katika karatasi, na karatasi ya Bunia ilikuwa magazeti ya zamani yanayouzwa kwa kilo. Tangu niache shule, mama mdogo alikuwa na desturi: kila aliponunua mzigo wa karatasi, hakuupeleka sokoni siku ile. Aliuleta nyumbani kwanza, akauweka juu ya kitanda changu na kusema, "Soma mbio. Kesho inafunga samaki."

Yeye hakujua kusoma. Alijua tu kwamba mimi nina kiu. Kifaransa changu chote nilichozidisha baada ya shule nilikipata hivyo, kwa kukimbizana na samaki. Nilisoma habari za mipira iliyochezwa miaka kumi nyuma, mapishi ya vyakula ambavyo sijaviona, hotuba, matangazo ya mashine za kufulia. Nilikuwa na kamusi iliyokatika mwishoni, na daftari la maneno mapya. Nikikumbuka ule mzigo juu ya kitanda changu, huwa nashindwa kuendelea na kazi niliyo nayo mkononi. Hakuna mwalimu aliyenipa zaidi.

Safari moja, mzungu fulani alikuwa amehama, na masanduku yake ya magazeti yaliingia sokoni. Ndani yake kulikuwa na majarida ya waganga wa hospitali. Katika mojawapo nilikuta ukurasa wenye picha ya ubongo uliokatwa katikati, na habari iliyonifanya nikae wima. Ilisema kwamba insulini haifanyi kazi katika nyama na mafuta ya mwili peke yake. Ubongo nao una mahali pa kuipokea. Mwili ukiwa na akiba ya mafuta, insulini hupanda katika damu, sehemu yake ndogo huingia kichwani, na ubongo hupata habari kwamba akiba iko, basi hamu ya kula hupungua. Wanyama waliotiwa insulini kidogo kichwani walikula kidogo wakakonda. Hapo ukurasa uliisha, na uliofuata ulikuwa umeshakwenda na samaki wa mtu.

Nilisoma mara tano. Nilifurahi mpaka nikaogopa. Mama mdogo anazidi kunenepa kwa sababu anakula. Anakula kwa sababu ubongo wake haujapata habari. Habari inabebwa na insulini. Na insulini ninayo mimi, katika mtungi.

Kama ningekwenda kumwuliza muuguzi, angenijibu kwa dakika mbili. Sikwenda. Niliogopa atacheka, na nilitaka siku moja nimletee kazi iliyokwisha, mgonjwa mwembamba na daftari safi, anyamaze. Niliongeza mistari miwili kwenye bomba. Baada ya wiki mbili niliongeza miwili mingine. Mama mdogo hakuona, macho yake hayakufika huko, na mimi sikumwambia.

Daftari likawa bluu. Bluu Jumatatu, bluu Jumanne, bluu mwezi mzima. Nililitazama kama watu wanavyotazama picha ya harusi. Sikufikiri kwamba yale maji ya bluu yanajua kusema jambo moja tu, kwamba sukari haijazidi. Ikiwa imeshuka mno, ikiwa mtu anakaribia kuzimika, yanabaki bluu vilevile, mazuri vilevile.

Njaa yake haikupungua. Ilizidi, na ilikuwa njaa ya namna nyingine. Alikuwa ametoka kula bugali na sombe ya majani ya muhogo, na kabla ya saa tano mikono inatetemeka, anatafuta kitu cha kutia mdomoni. Akawa mkali, halafu anaomba msamaha. Akazidi kunenepa. Nilipima chakula chake kwa kikombe. Nilifunga sanduku la unga kwa kufuli na kuvaa ufunguo shingoni, pamoja na medali ya Bikira. Sasa ninapokumbuka ule ufunguo ukigonga medali nilipokuwa nainama kumdunga, natamani kujificha.

Na yeye akaanza kula kwa siri. Jirani yake wa meza pale sokoni alikuwa mama Mwislamu, mtoto wa wachimba dhahabu wa migodi ya Kilo, aliyeuza makemba, zile ndizi kubwa za kupika, ya kuchemsha na chai. Mama mdogo alikuwa anachukua kwake makemba mawili, anainama chini ya meza kama mtu anayetafuta kisu, anakula. Nilikuja kugundua maganda chini ya kapu la samaki.

Nilingoja Alhamisi, akina mama wa parokia walipokuja kusali rozari nyumbani kwetu. Nilingoja makusudi. Walipomaliza, niliyaweka yale maganda mbele yake na kumwambia kwamba ugonjwa wake haunichoshi, tumbo lake ndilo linanichosha, na kwamba tamaa ya chakula ni dhambi hata katekisimu inasema. Mmoja wa akina mama wale alianza kukunja mkeka. Mama mdogo aliyaokota maganda moja moja, akayatia katika kikwembe chake, akatoka nayo nje.

Jumamosi alikwenda kuungama. Aliniambia mwenyewe jioni ile, kwa upole, akitengeneza samaki wa Jumatatu: ameungama ulafi na uongo, na ameahidi hatakula tena kwa siri. Nilimwambia vizuri. Neno hilo moja, vizuri, kama mwalimu anayesahihisha zoezi.

Jumatatu nilimdunga kama kawaida, mistari yote. Alikula kikombe changu kile cha uji. Tukaenda sokoni.

Kuelekea saa tano mnunuzi mmoja alikuwa amechagua samaki, na mama mdogo alikuwa anamfungia. Alimfunga samaki, akamfungua. Akamfunga tena. Jasho lilikuwa linatiririka mpaka kwenye kola ya blauzi, na siku haikuwa na joto.

"Mama, huyu samaki hatakimbia," mnunuzi alisema. "Ama leo ulianza na pombe ya kasiksi asubui?"

Watu walicheka. Mama mdogo naye alicheka, kicheko kirefu kisicho chake, halafu akamjibu kwa lugha ya kwao, maneno ya watoto, akaketi chini katikati ya karatasi.

Yule mama wa makemba alikuwa ameshainuka. Hakuuliza kitu. Alimimina chai katika bakuli, akatia sukari vijiko ambavyo sikuvihesabu, akapiga magoti na kukiinua kichwa cha mama mdogo. Na mimi, docta bila diplome, nilimshika mkono. Nilimwambia asimpe, atamwua, mgonjwa huyu hapewi sukari. Chai ilimwagika juu ya kikwembe chake.

Aliuvuta mkono wake. "Toka hapa, mutoto. Mama yako aliniambia zamani: siku nikianza kusema bila akili, unipe chai ya sukari. Weye hakukuambia juu unamuogopesha."

Akanisukuma kwa bega, akammiminia tena mdomoni. Nilisimama. Sijui nilisimama muda gani, labda wa Baba Yetu tatu au nne. Mama mdogo alimeza, akameza tena. Macho yake yalirudi kutoka mbali, yakatafuta, yakanikuta, na kitu cha kwanza alichosema ni kwamba asamehewe, hakula kwa siri, ni yule mama wa makemba mwenyewe amempa.

Nilikaa chini pale pale na kulia mbele ya soko zima. Aliamka akiniomba msamaha kwa kupona.

Tulikwenda hospitali kwa miguu polepole, mimi na yule mama wa makemba tumemshika huku na huku, meza zote mbili tumeziachia watu. Muuguzi alimpa ndizi na kumketisha. Akaomba daftari, ambalo nilikuwa natembea nalo. Alifungua kurasa zangu za bluu, moja baada ya nyingine, na safari hii hakucheka.

"Uliongeza ngapi?"

Nilimwambia. Nilimwambia na habari ya ukurasa, na wanyama, na ubongo, mama mdogo akiwa pale anasikiliza. Nilikuwa nimefikiri kwamba kusema kweli kutaniumiza. Kulinipumzisha.

Muuguzi alinieleza, na bado namshukuru kwamba alinieleza kama mtu anayeweza kuelewa. Alisema ukurasa haukudanganya. Ubongo unapata habari mbili kuhusu chakula. Ya kwanza inakwenda polepole, inaletwa na insulini, na inasema habari ya ghala: akiba iko, usijisumbue sana. Ya pili ni ya haraka, ni ya sukari iliyo katika damu saa hii. Wale wanyama walipewa tone dogo kichwani penyewe, sukari ya damu yao haikuguswa. Lakini mimi nilikuwa nadunga paja. Dawa ya paja inaenea mwili mzima na kuishusha sukari kabla sehemu yake ndogo haijafika kichwani. Ghala limejaa, lakini chungu hakina kitu, na ubongo hauwezi kula ghala. Unapiga kelele mtu ale, upesi, chochote. Na akila kila saa kuizima kelele ile, ananenepa.

"Zile makemba ulimusemea mbele ya watu," alisema, "njo zilimuchunga miezi yote hii. Siku alitii weye, akaanguka."

Niliuliza, kwani sikuweza kujizuia hata pale, kwa nini basi watu wengine wanene, wasiodungwa kitu, ubongo wao hausikii ile habari ya ghala na wanaendelea kuwa na njaa. Alisema labda masikio ya ubongo yanaweza kuzoea sauti mpaka yasiisikie, lakini wenye darubini bado wanabishana, na yeye ana wagonjwa kumi na wanane wanaomngoja. Kisha akageuka kwa mama mdogo na kumwuliza swali nililokuwa nalo tangu sokoni. Alimwuliza nani atamdunga kuanzia kesho. Kuna mtawa anayepita Ngezi kila asubuhi, anaweza kufanya. Dozi itarudi ilivyokuwa, na hata chini kidogo.

Niliangalia sakafu. Nilijua jibu la haki. Kama mtu mwingine angemfanyia hivyo, ningemfukuza nyumbani.

Mama mdogo alimaliza ndizi yake kwanza, yote, bila kujificha.

"Atadunga yeye," alisema. "Ila ataniuliza kwanza. Siyo kuuliza mukojo. Mimi."

Tulipotoka, yule mama wa makemba aliniambia nimletee sabuni ya kikwembe chake, na kwamba siku nyingine akinipa chai, nisimwulize gramu. Nilimletea sabuni. Nimekuwa namletea mpaka leo, ingawa amenikataza, na kila mara namweleza upya kwa nini, na kila mara ananiambia ameshasikia.

Ufunguo nilimpa mama mdogo usiku wa siku hiyo. Alifungua kufuli, akalitoa, na baadaye akaliweka kwenye meza ya sokoni liwe jiwe la kuzuia karatasi zisipeperuke.

Asubuhi yake sikujua nianze wapi. Nilikuwa nimezoea kuanza na taa ya spiriti. Bomba lilikuwa limechemka, dawa iko tayari. Alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi mlangoni, anakula kiazi na maharagi yaliyobaki jana, hana haraka. Nilipiga magoti mbele yake na kumwuliza kama aliamka na njaa, ya namna gani, kama mikono ilitetemeka, kama aliota vibaya, kama kichwa kilimzunguka alipoinuka.

"Eh, polepole," alisema. "Moja moja."

Akaanza kunieleza. Njaa iliyomwamsha ilikuwa ya kawaida, ya tumboni, siyo ile ya kwenye magoti. Hakuwahi kuniambia kwamba ile nyingine inaanzia kwenye magoti. Halafu midomo inakufa ganzi, halafu anaanza kuchukia watu, hata anaowapenda, na hapo ndipo alikuwa anajua kwamba lazima ale. Alikuwa anayajua yote haya, kwa mpangilio, tangu mwanzo. Aliendelea muda mrefu, nami niliandika upande wa nyuma wa daftari, bila rula, kwa mwandiko mbaya, nikimwomba arudie pale nilipobaki nyuma, na alirudia. Maharagi yalipokwisha, alipangusa mdomo, akavuta kikwembe juu kidogo na kunipa paja.